Aliyetandika Meza Bila Kula

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko, na kwa makosa ya herufi mtakayoyakuta. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kuandika bei za nyanya kwenye vipande vya boksi, maana kazi yangu ni kuuza mboga gengeni. Barua hii imenichukua wiki tatu. Katibu wa kanisa ataitoa kopi dukani Mugumu, kwa hiyo mwandiko mtauona kama ulivyo. Pale niliposahau herufi, isomeni kama ipo.

Nimetumwa kuandika habari za Mzee wa Meza wa kanisa letu la Methodisti hapa Morotonga. Baadhi yenu mlisali nasi mkahamishwa. Wengine hamkumjua kabisa, kwa hiyo nitamweleza vizuri, ila si tangu alipozaliwa. Hilo hata yeye hana uhakika nalo.

Mchungaji wetu ana makanisa sita na pikipiki moja. Anatufikia mara moja kwa mwezi, na wakati wa mvua mara moja kwa miezi miwili. Jumapili nyingine tunahubiriwa na wahubiri wa zamu, ambao ni wakulima kama sisi. Hao hawaruhusiwi kugawa Meza ya Bwana. Kwa hiyo siku ya mchungaji ndiyo siku ya meza, na siku ya meza ilikuwa ni ya Mzee wa Meza.

Kazi yake ilianza siku mbili kabla. Ijumaa alichemsha maua ya choya, yale mekundu, mpaka maji yakawa na rangi ya damu, maana divai sisi hatutumii. Jumamosi asubuhi alifuta vikombe vidogo vya kioo, kimoja kimoja, kwa kipande cha shuka ambacho hakikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote duniani. Kisha alipiga pasi kitambaa cheupe cha meza kwa pasi ya mkaa. Alikipiga pasi mbele, akakigeuza, akakipiga nyuma. Siku moja mama mwenyekiti wa kwaya alimwambia nyuma hakuna anayepaona.

"Meza inapaona," alisema.

Huyo ndiye mtu ambaye kwa miaka kumi na moja alitandika meza na hakuila. Wote walipopiga magoti mbele, yeye alisimama pembeni na sinia, akihesabu magoti kwa macho. Tulipomaliza alikusanya vikombe, akakunja kitambaa katika mikunjo ileile, akaenda nyumbani. Wageni walidhani hajabatizwa. Alibatizwa, tena alikuwa kiongozi wa darasa. Sisi Wamethodisti tunagawanywa katika madarasa, watu kama kumi na wawili kila darasa, na kila darasa lina mtu wa kuangalia mioyo yao. Yeye aliangalia ya kwetu. Wa kwake aliujua, na ndiyo sababu hakula.

Sababu yenyewe haikuwa siri. Ana mdogo wake mmoja, anayeishi upande wa Ikoma, karibu na mpaka wa hifadhi. Zamani walilima pamoja shamba la mtama huko, na kwa sababu ya tembo walilinda kwa zamu. Mmoja akilinda, mwingine anapumzika. Wiki ile kaka mtu alipochaguliwa kuwa Mzee wa Meza kwa mara ya kwanza, Jumamosi ilikuwa zamu yake. Akaondoka shambani alasiri, akaja kanisani kupiga pasi kitambaa, akiamini atawahi kurudi. Kitambaa kilikuwa na mikunjo migumu. Saa kumi na moja jioni tembo wakaingia. Hawakubakiza kitu. Mdogo wake alipofika alikuta mashina, na nyayo zilizojaa maji.

Siku ya pili kaka alienda kuomba msamaha amebeba debe la mtama. Mdogo wake alilipokea, akalimwaga chini, akaita kuku.

"Huo ni wa kuku," alisema. "Wewe nenda ukanyooshe kitambaa."

Mwaka uliofuata alipeleka mbuzi. Mdogo wake akamfungua kamba, mbuzi akarudi nyumbani mwenyewe, akafika kabla ya mwenye mbuzi. Mwaka mwingine alimpeleka mchungaji. Mchungaji alikirimiwa chai na karanga, akaambiwa anakaribishwa tena, ila asije na yule.

Mchungaji alimwambia Mzee wa Meza: "Umeomba msamaha mara nyingi mzee. Wewe umemaliza sehemu yako. Njoo ule."

"Kitabu hakisemi nikaombe msamaha," alijibu. "Kinasema nikapatane. Kupatana ni watu wawili. Mimi ni mmoja."

Na hapo ndipo mchungaji alipochoka.

Kwa watu wengine hakuwa na subira hiyo. Kila Jumamosi ya kabla ya meza, baada ya kitambaa, alizunguka nyumba za darasa lake zote kwa miguu. Hakukaa. Hakunywa chai. Ukimwambia shikamoo aliitikia marahaba akiwa tayari anakutazama usoni, kisha aliuliza swali moja: "Una neno na mtu?"

Kama ulikuwa nalo, alikupeleka kwa huyo mtu saa hiyohiyo. Watu walipelekwa wakiwa na unga mikononi. Fundi baiskeli mmoja alipelekwa na tairi. Kupatana kwa simu alikataa. "Simu haina uso," alisema. Barua alikuwa akiikubali, kwa sababu barua ina mkono wa mtu.

Nakumbuka mama mwenyekiti wa kwaya na mke wa fundi seremala walipogombana juu ya vitenge vya sare. Mmoja alitaka vya bluu, mwingine akanunua vya kijani akasema bluu imekwisha sokoni, na siku iliyofuata bluu ikaonekana sokoni imejaa. Mzee wa Meza aliwasimamisha chini ya upenu wa kanisa, akawashikisha mikono, akaanza kungoja. Mvua ilianza. Upenu wetu ni mfupi, unafunika watu wawili. Yeye alikuwa wa tatu.

"Semeni," alisema akiloa.

"Mimi sina neno na huyu," alisema mama mwenyekiti.

"Mbona unamwita huyu? Hana jina?"

"Analo."

"Liseme."

Alikataa kulisema kwa muda wa kuchemka maharage. Mwishowe mke wa fundi ndiye aliyeanza kucheka, akasema, "Mama, mwachie mzee akakauke. Rangi nilijua ipo. Kijani ndiyo inanipendeza mimi." Mama mwenyekiti akamwita kwa jina lake, pamoja na maneno mengine. Mzee wa Meza akahesabu kuwa wamepatana, akaenda zake. Kwaya inavaa kijani mpaka leo.

Sasa lazima nieleze habari ya choya, maana bila hiyo barua hii haina kazi.

Kabla yake, aliyekuwa anapika choya ya meza ni mama mmoja muuguzi, aliyehamishwa. Yeye alitia sukari. Mzee wa Meza alipochaguliwa alipelekwa kwenye mafunzo ya siku moja Tarime, na huko mwalimu wa mafunzo alisema kikombe cha meza kisiongezwe kitu chochote. Mwalimu alikuwa anazungumzia pombe. Mzee wa Meza alisikia kitu chochote. Sukari ni kitu. Akaichemsha choya tupu, saa nzima, ikapungua mpaka nusu. Ambaye hajawahi kunywa choya ya namna hiyo, nitamweleza hivi: masikio yanasogea.

Yeye hakujua, kwa sababu hakunywa. Kuonja wakati wa kupika alikataa. Alisema kuonja ni kunywa kidogo, na aliyekatazwa kunywa amekatazwa na kidogo.

Watu walimwambia. Mke wa fundi alimwambia wazi, "Mzee, ni kali." Akajibu kwamba msalabani ilitolewa siki na hakuna aliyeomba sukari. Baada ya jibu hilo ni nani angeendelea?

Lakini jambo kubwa ni hili. Akiwa amesimama pembeni na sinia, aliziona nyuso zetu tulipokunywa. Aliona mtu anafumba jicho moja. Aliona mtu mdomo unakwenda upande. Na kwa kuwa hakujua choya ilivyo, alifikiri ni dhamiri. Alifikiri mtu amekuja mezani na neno moyoni, na kikombe kimemkamata. Jumatatu alikuwa mlangoni kwake.

"Nimeona uso wako," alisema. "Una neno na nani?"

Mnaweza kufikiri watu walikasirika. Walishangaa, kisha wakataja jina. Sijui kwa nini iko hivyo. Labda kila mtu analo, na hakuna aliyewahi kumfuata kumuuliza.

Alimfuata mwalimu wa hisabati, kijana wa Iringa aliyepangiwa shule ya hapa. Alimkuta ofisi ya walimu, mimi nikiwa pale nimeleta mchicha. Walimu wengine walisahihisha madaftari kwa bidii ambayo si ya kawaida.

"Mwalimu, nimeona uso wako jana."

"Mzee wangu, ile choya ni kali. Ni hilo tu."

"Ukali hauko kwenye choya."

"Uko kwenye choya, mzee. Ungeonja."

"Una neno na nani?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alitazama dirishani. Akasema kwamba hajasema na baba yake tangu alipokataa kubaki nyumbani kulima viazi. Miaka minne. Alisema hivyo mbele yetu wote, na pesa ya mchicha nilikuwa sijalipwa, kwa hiyo sikuweza kuondoka. Likizo ilipofika alipanda basi mpaka kwao. Alirudi na gunia la viazi, na kilo kadhaa za mwili. Baadaye alihamishwa. Mwalimu, kama unasoma hii, wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Mimi pia alinijia. Mimi ni mtu wa aibu. Kwenye kwaya naimba sauti ya pili kwa mdomo tu, bila sauti, na sijakamatwa bado. Aliponiuliza nina neno na nani, sikuweza kumwambia choya kali, na sikuweza kunyamaza, maana yeye alijua kungoja kuliko mimi. Nikataja mtu wa karibu, mama muuza dagaa wa genge la pili. Sikuwa na neno naye hata moja. Nilitaka tu aondoke.

Akanipeleka. Mama muuza dagaa alituona tunakuja akasimama, akajifuta mikono.

"Nilijua iko siku utakuja," aliniambia. "Mwaka mzima unapita hapa hunisalimii. Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona unapita kama mimi ni mti?"

"Naona aibu kusalimia."

Alinitazama sana. "Aibu? Mimi nilidhani dharau! Nimekusema kwa watu mwaka mzima." Halafu akaniomba msamaha yeye, na mimi nikamwomba, na Mzee wa Meza akasimama kati yetu kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Tangu siku hiyo namsalimia kila asubuhi, na kwenye kipimo cha dagaa huniongezea kiganja.

Kwa hiyo mnaona shida yangu. Nilisema uongo, na uongo ukaenda kufukua kweli.

Alikuwa na mengine pia. Alilala katika kila mahubiri, kichwa kimeegemea nguzo ya tatu, na baadaye aliweza kuyarudia yote pamoja na mahali mhubiri aliposahau. Wakati wa mkutano wa kanisa alipinga kila jambo mara moja, hata yale aliyoyaleta mwenyewe, kisha aliliunga mkono. Aliogopa bata mzinga. Bata mzinga wa jirani yake alilijua hilo na alimngoja njiani. Kanzu ya mchungaji ilipochanika aliishona mwenyewe kwa uzi mweusi, kwa sababu mweupe ulikuwa wa kitambaa. Alimpa koti lake kijana aliyetoka gerezani, na hapohapo akamnyima kiberiti, akisema kiberiti ni cha kanisa.

Na kila mwaka kabla ya mavuno alienda Ikoma na zawadi, akarudi nayo.

Mwaka huu miguu yake ilianza kukataa. Kwanza alitembea na fimbo, kisha na fimbo mbili, kisha hakuvuka mlango. Jumatano kabla ya meza alimtuma mtoto wa jirani aniite. Nilimkuta ameketi kitandani, kitambaa kimekunjwa mapajani.

"Binti, wewe utapika choya," alisema. "Utapiga pasi. Mbele na nyuma. Na utazunguka kuuliza."

Choya na pasi niliweza. Kazi ya kuzunguka sikulala nikiifikiria. Kumwuliza mtu mzima kama ana neno na mtu, mimi ambaye bei ya bamia huwa naionyesha kwa vidole! Nikaona nianze na nyumba ambayo naiogopa kuliko zote, ili zilizobaki ziwe ndogo. Alhamisi jioni nikarudi kwake.

"Umekuja kuchukua mkaa?" aliuliza.

"Nimekuja kuuliza," nilisema. "Mzee, una neno na mtu?"

Mimi nikafanya kama alivyokuwa anafanya yeye. Nikamtazama usoni na kungoja.

"Unajua ninalo."

"Basi twende."

"Miguu haiendi."

"Iko bodaboda."

Ijumaa asubuhi tulipanda mshikaki, dereva mbele, mzee katikati, mimi nyuma nimemshika asidondoke. Kwenye mashimo alimwambia dereva taratibu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya kuku. Alikuwa amebeba kuku. Nilimwambia kuku wa nini, akasema mtu haendi mikono mitupu.

Mdogo wake tulimkuta anachonga mpini wa jembe. Ni mzee kama yeye, mfupi zaidi, na ana uso uleule, kama umetumiwa na watu wawili. Alitutazama tukishuka.

"Leo umeleta kuku," alisema.

"Nimeleta."

"Na mtoto wa nani?"

"Huyu ndiye Mzee wa Meza sasa."

Mdogo wake alinigeukia mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alifungua mdomo aanze kusema yale anayosema kila mwaka, nikaona yanakuja, nikaona na majibu yake yanakuja, na kuku anafunguliwa kamba. Nikasema haraka kabla sijaogopa zaidi:

"Shikamoo babu. Wewe unataka nini?"

"Nini?"

"Ameleta mtama, ameleta mbuzi, ameleta mchungaji. Wewe mwenyewe ulitaka nini?"

Aliweka mpini chini. "Marahaba," alisema. Kisha akasema, "Miaka kumi na moja watu wanakuja hapa kuniambia nipokee. Hakuna aliyeniuliza." Akamwonyesha kaka yake kwa kisu cha kuchongea. "Nataka alinde zamu yake. Ile aliyoiacha. Basi."

"Lini?" aliuliza Mzee wa Meza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Meza yenu ni lini?"

"Jumapili."

"Jumapili hiyohiyo. Asubuhi mpaka jua lizame."

Nilidhani atakataa. Alikubali kabla mdogo wake hajamaliza kusema jua. Kuku alibaki huko. Hakuna aliyemfungua kamba.

Jumamosi nilichemsha choya kama alivyoniagiza, saa nzima. Nilikuwa na sukari mkononi. Nitasema kweli, niliishika pakiti juu ya sufuria mpaka mkono ukachoka. Nilifikiri, leo haoni. Nilifikiri, kanisa zima litanishukuru. Sikuweka. Sikuwa na ujasiri wa kutosha, na hilo nimelijibia baadaye.

Jumapili tulikula meza bila yeye kusimama pembeni. Masikio yalisogea kama kawaida. Ibada ilipokwisha mchungaji alifunga kipande cha mkate na kikombe kimoja kwenye mfuko wake mdogo, na choya kwenye chupa, akasema, "Binti, panda. Unajua njia."

Tulimkuta ameketi kwenye kigoda chini ya dungu la kulindia, kwa sababu miguu haipandi ngazi. Mtama ulikuwa umemzunguka, mwekundu, umeinama. Alikuwa na debe mapajani na kijiti mkononi. Mchungaji alimweleza alichokileta.

"Mchungaji, niko zamu," alisema.

"Ni dakika mbili tu, mzee."

"Mara ya kwanza pia ilikuwa dakika mbili."

Basi mchungaji akakaa chini kwenye majani, na kanzu, mfuko kwenye magoti, akangoja. Aliahirisha kanisa la tano na la sita. Tembo hawakuja. Walikuja ngedere. Mzee alipiga debe, ngedere wakamtazama, wakala kidogo, wakaondoka kwa hiari yao. Alasiri ilikuwa ndefu. Mara mbili kichwa chake kilitaka kuegemea nguzo ya dungu kama kanisani, na mara mbili alijipiga kijiti kwenye goti.

Jua lilipogusa vilima mdogo wake alitoka nyumbani. Alitembea kando ya shamba lote, taratibu, akitazama kila mstari, kama mnunuzi. Akafika, akachukua debe kutoka mapajani mwa kaka yake.

"Zamu imekwisha," alisema.

"Kuna ngedere walikula upande ule."

"Nimeona. Ngedere ni ngedere." Akamshika mkono, akamsimamisha. Hawakukumbatiana. Walisimama tu wameshikana, wawili wale wenye uso mmoja, na mimi nikatazama pembeni kwa sababu kutazama niliona aibu.

Mchungaji aliuliza, "Sasa?"

"Sasa," alisema Mzee wa Meza.

Aliketi tena. Mchungaji alisoma maneno kwa kifupi maana giza lilikuwa linakuja. Mzee alikula mkate kwa kutafuna sana. Kisha akapokea kikombe kwa mikono miwili, kile alichokifuta mwenyewe miaka yote, akanywa chote mara moja.

Niliuona uso wake. Jicho moja lilifumba. Mdomo ulikwenda upande. Masikio, yale makubwa, yakasogea.

Alikigeuza kikombe akatazama ndani.

"Umepika wewe?" aliniuliza.

"Kama ulivyoniagiza."

"Hii ni kali."

"Ndiyo mzee," alisema mchungaji.

"Ni hivi siku zote?"

"Siku zote, mzee."

"Mbona hamkusema?"

"Tulisema," nilisema mimi.

Alikaa na kikombe kitupu. Mdogo wake, ambaye hajui mambo ya meza, alidhani mkate umemkaba akampiga mgongoni. Mzee aliinua mkono kumzuia. Nilimwona anaanza kuhesabu, si magoti safari hii. Anahesabu nyuso.

"Mwalimu wa hisabati," alisema. "Bwana nyuki. Yule askari wa hifadhi aliyekuwa na pengo. Muuguzi wa watoto. Mke wa fundi, mara tatu." Akaendelea. Hakusahau hata mmoja. Mwisho akanitazama mimi. "Na wewe."

"Na mimi."

"Niliwashika kwa kosa la choya."

"Lakini mzee, walipatana," alisema mchungaji. "Mwalimu alikwenda kwa baba yake."

"Alikwenda kwa sababu nilimwambia kikombe kimemkamata. Hakikumkamata. Nilidanganya, bila kujua." Akampa mchungaji kikombe, polepole. "Nilikuwa na neno na mtu mmoja. Sasa nina neno na kanisa zima."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Nilidhani anaomba. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa choya ina sukari, na watu wanalalamika ni tamu mno. Nyuso zote mezani ni shwari, na tangu hapo hakuna aliyepatana na mtu. Wa hapa Morotonga tumemaliza kumjibu. Tulikwenda kwake mmoja mmoja tukamwambia hatuna neno, na mke wa fundi alikwenda mara tatu. Mimi nilimwomba msamaha kwa uongo wa dagaa na kwa pakiti ya sukari. Alinisamehe wa dagaa mara moja. La sukari alisema bado analifikiria.

Mliobaki ni ninyi mliohamishwa. Yeye hali tena meza mpaka ajibiwe na wote. Tumempeleka kwa kiti mpaka mbele, amekaa pembeni, ametutazama, hakula. Ukimwambia umesamehewa na watu wasioulizwa, haamini. Simu hapokei, mnajua sababu. Na miguu haijapona, imezidi.

Kwa hiyo, kama uliwahi kupiga magoti kwetu ukanywa, ukafuatwa Jumatatu, tafadhali andika, kwa mkono wako, hata mstari mmoja. Mpe mchungaji wa Methodisti aliye karibu nawe, itafika. Mwandiko mbaya si neno, mmeuona wangu. Sema kama umemsamehe. Kama hujamsamehe, sema unataka nini. Na wewe mwalimu, anaomba ueleze kama wewe na baba yako bado mnasemezana. Hilo analiuliza kila ninapompelekea mboga, na mimi sina la kumjibu.